Kilimo Endelevu na Chakula cha Karibu: Nani Anabeba Miaka ya Mpito?

Mkulima anayetaka kuliponya shamba lake hakosi wa kumwambia kwamba fursa zipo. Kuna ruzuku, kuna mikopo ya masharti nafuu, kuna vyeti vya kilimo hai, kuna mafunzo ya bure, kuna wateja wanaotaka kujua chakula chao kimetoka wapi, na siku hizi kuna hata wanunuzi wa kaboni iliyomo ardhini. Kila moja ina fomu zake, masharti yake na msamiati wake. Mtu anaweza kuhangaika na hayo yote misimu miwili mizima, na shamba likabaki vilevile.

Fundo hili linaanza kulegea ukiuliza swali moja: ni nini hasa kinachomzuia mkulima kubadilika? Mara nyingi si kutojua, wala si ukaidi. Ni muda. Gharama ya kubadilika inalipwa leo, na faida yake inakuja baada ya misimu kadhaa. Katikati kuna kipindi ambacho mavuno yanaweza kushuka, huku deni la pembejeo na mahitaji ya nyumbani hayasubiri. Kwa maoni yangu, kila kinachoitwa fursa kipimwe hapo: kinamsaidia mkulima kuvuka kipindi hicho, au kinamngoja ng'ambo, akishavuka kwa nguvu zake mwenyewe?

Udongo hauendi kwa kalenda ya mradi

Kuna jaribio ambalo kila mkulima anaweza kulifanya bila gharama yoyote. Chukua bonge la udongo mkavu, ukubwa wa yai, kutoka kwenye shamba linalolimwa kila msimu na ambalo mabaki ya mazao huchomwa au kuondolewa. Chukua jingine kutoka kando ya shamba hilohilo, chini ya mti au kwenye ua, mahali ambapo jembe halijafika kwa miaka mingi. Yaweke kwenye glasi mbili za maji, kila moja likiwa limekaa juu ya kipande cha wavu karibu na uso wa maji. Bonge la kwanza hutoa mapovu, kingo zake zinaporomoka, na baada ya dakika chache glasi imejaa tope. La pili nalo hutoa mapovu, maana maji yanaingia na hewa inatoka, lakini linabaki bonge. Maji yake unaweza kuona ng'ambo.

Kinachotofautisha mabonge hayo ni gundi. Mizizi iliyo hai, bakteria na kuvu hutoa ute unaoshikamanisha chembe za udongo, na nyuzi za kuvu huzifunga pamoja, zikiacha vinjia vya maji na hewa. Viumbe hao huitengeneza gundi wakiwa na chakula, yaani mizizi, majani na mabaki. Wakikosa, gundi iliyopo inaliwa na haitengenezwi nyingine. Mvua kubwa ikiupiga udongo wa namna hiyo, chembe zinatawanyika na kuziba vinjia, juu kunaganda ukoko, na maji yanatiririka kwenda mtoni pamoja na rutuba. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kupata mvua ileile, moja likalalamika ukame na jingine likavuna.

Kuijenga upya gundi hiyo ni kazi ya kuulisha udongo: mboji, samadi, matandazo, mimea funika, mazao jamii ya kunde. Lakini sehemu kubwa ya kile unachoulisha huliwa na kurudi hewani kama hewa ukaa, na kinachobaki na kujijenga ni kidogo. Msimu mmoja wa mboji husaidia mazao, ila haubadilishi udongo uliochoka kwa miaka ishirini.

Zaidi ya hapo, mwanzo una mtego ambao umewakatisha tamaa watu wengi waliokuwa na nia njema. Mabua makavu yana kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo. Ukiyafukia na kupanda muda mfupi baadaye, vijidudu vinavyoyaozesha huchota naitrojeni kutoka kwenye udongo ili viweze kufanya kazi, na mazao machanga yanageuka manjano. Mkulima anaona wazi kwamba mbinu mpya imemtia hasara, na kwa msimu huo yuko sahihi. Dawa yake ni ama kuyaacha mabua juu ya ardhi kama matandazo, au kuyaozesha kwanza kwenye lundo la mboji pamoja na majani mabichi na samadi, ukilenga takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Lundo lililochanganywa vizuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi na kuua mbegu nyingi za magugu. Ni jambo dogo, linafundishika kwa saa moja, na asiyelifahamu anaweza kuacha kila kitu.

Nini hutokea mpito ukirukwa? Sri Lanka ilitoa jibu mwaka 2021. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya kemikali nchi nzima, karibu kwa mara moja. Mboji ya kutosha haikuwepo, mafunzo hayakuwepo, udongo haukuwa umeandaliwa. Mavuno ya mpunga yalishuka, chai nayo ikayumba, na kufikia Novemba mwaka huohuo marufuku ilikuwa imeondolewa. Wapo wanaosema kisa hicho kinathibitisha kwamba kilimo hai hakiwezi kulisha watu. Mimi naona kinathibitisha jambo jingine: amri ya serikali haiwezi kuupa udongo miaka ambayo haujapewa.

Maarifa ni rasilimali, lakini yana namna yake ya kusafiri

Mafunzo ndiyo fursa inayotolewa kwa wingi kuliko zote, na ubora wake hutofautiana mno. Semina ya siku mbili hotelini, yenye slaidi na chakula cha mchana, haimsaidii mtu kusoma shamba lake. Mfano wa kinyume chake ni shamba darasa, utaratibu ulioanzia Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa.

Asili yake inafaa kujulikana. Mashamba ya mpunga ya Indonesia yalikuwa yakiharibiwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mmea. Wakulima walipuliza dawa, na kadiri walivyopuliza ndivyo mdudu alivyoongezeka. Watafiti walipochunguza walikuta dawa inaua buibui na wadudu wengine wanaomla yule mharibifu, wakati mayai yake yamefichwa salama ndani ya bua. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Marufuku peke yake isingetosha, ndipo yakaja mashamba darasa: wakulima wapatao 25 wanakutana shambani kila wiki kwa msimu mzima, wanagawanyika vikundi, wanahesabu wadudu kwenye mashina, wanauchora mmea na kila walichokikuta juu yake, kisha wanajadiliana cha kufanya wiki hiyo. Hakuna anayewahubiria. Mtu aliyemwona buibui akimla mharibifu kwa macho yake hahitaji kuambiwa tena kwa nini asipulize.

Kwa hiyo mafunzo yakitangazwa, ningeuliza kwanza: yanafanyika shambani? Yanafuata zao kuanzia kupanda hadi kuvuna? Na anayefundisha atarudi?

Zipo pia mbinu zinazohitaji kitu zaidi ya ujuzi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe nchini Kenya, kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, kilibuni tangu miaka ya 1990 njia ya kulinda mahindi na mtama dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua. Katikati ya mistari ya zao hupandwa desmodiamu, mmea jamii ya kunde ambao harufu yake inawafukuza nondo wa viwavi hao. Pembezoni hupandwa majani ya tembo, yanayowavuta nondo wakatage huko, ila viwavi wengi wanaoanguliwa juu yake hufa. Mizizi ya desmodiamu pia huzichochea mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, zichipue na kufa kabla hazijajishika. Juu ya hayo, inaongeza naitrojeni ardhini, na mimea yote miwili ni malisho ya mifugo. Tatizo liko mwanzoni: desmodiamu inataka palizi ya uangalifu hadi ishike, na mbegu zake zimekuwa adimu na ghali kwa wakulima wengi. Hapo ndipo ruzuku ndogo inayotolewa kwa wakati inaweza kufanya kazi kubwa, kwa kuwa mmea ukishashika hukaa miaka, na shina lake linaweza kukatwa na kuoteshwa kwa jirani.

Ardhi: swali linalorukwa

Miongozo mingi ya kilimo endelevu inazungumza kana kwamba kila mkulima analima ardhi yake. Aliyekodi shamba kwa mwaka mmoja akiombwa apande miti, achimbe makinga maji na alishe udongo, anaombwa kumfanyia mwenye shamba kazi bila malipo. Na udongo ukinona, kodi hupanda au shamba hurudishwa kwa mwenyewe. Huyu hajakosa uelewa, anajua hesabu.

Niger inaonyesha haki inavyoweza kufanya kazi ambayo miche haikuiweza. Kwa miaka mingi miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata ile iliyoota ndani ya shamba la mtu, na kuikata kuliweza kuleta faini. Mkulima mwenye busara aling'oa chipukizi kabla halijawa mti na kumletea matatizo. Kampeni za kupanda miche zilipita, na miche mingi ikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alitambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa visiki vya miti vyenye mizizi hai. Kilichohitajika ni kuchagua machipukizi machache kwenye kila kisiki, kupogoa mengine na kuyalinda. Mbinu hiyo haihitaji kitalu wala maji ya kumwagilia. Ilienea kwa sababu wakati huohuo mamlaka zililegeza mkono na wakulima wakaanza kuihesabu miti kuwa yao, pamoja na kuni, majani ya mifugo na kivuli. Leo inakadiriwa kwamba takribani hekta milioni 5 nchini humo zimerudishiwa miti kwa njia hii.

Anayekodi naye ana njia, japo nyembamba. Mkataba wa maandishi wa miaka mitano au zaidi, wenye kipengele kwamba mpangaji atafidiwa kwa miti na makinga maji akiondolewa mapema, unabadilisha hesabu yote. Kwa maoni yangu, shirika linalotaka kusaidia lingefanya vizuri kulipia mwanasheria wa kuandika mikataba ya aina hii kabla ya kununua trekta.

Fedha na ghala

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa sababu kanuni yake ni fupi: fedha ifanane na umri wa kitu inachonunua. Mkopo wa miezi sita unafaa mbegu za zao la miezi minne. Haufai miti ya matunda itakayozaa mwaka wa nne, wala udongo utakaorudi hali yake mwaka wa tano. Vitu hivyo vinataka ruzuku, au mkopo wenye muda wa kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Mkulima aliyeanguka kwa sababu rejesho lilidaiwa kabla ya mavuno hakushindwa na kilimo. Vikundi vya kuweka na kukopa husaidia sana kwenye mahitaji madogo ya katikati ya msimu, na ubora wake ni kwamba riba inabaki mikononi mwa wanachama.

Fedha iliyo karibu zaidi, hata hivyo, mara nyingi iko ndani ya mavuno yenyewe. FAO inakadiria kwamba takribani asilimia 13 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na kufika dukani. Mkulima wa nafaka na kunde huuza wiki za mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu anaogopa wadudu ghalani. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakishirikiana na wenzao wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, inaondoa hofu hiyo bila dawa: wadudu waliomo ndani hutumia oksijeni iliyopo, ikiisha wanakoma kula na kuzaana, na hatimaye wanakufa. Sharti ni moja tu, nafaka iwe imekaushwa vizuri, vinginevyo itaota kuvu humohumo. Palipo na mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anaweza kuweka mzigo, akakopa kwa dhamana ya stakabadhi hiyo, na kuuza bei ikipanda. Hatua hizi hazionekani kuwa za kimazingira, ila zinatoa pumzi ya kuvuka mpito bila kumtegemea mfadhili.

Mikataba ya kaboni, ambayo mkulima hulipwa kwa kuhifadhi kaboni kwenye udongo wake, nayo inapita vijijini. Isomwe kwa makini. Kaboni ya udongo hupimwa kwa gharama, hujengeka polepole, na inaweza kurudi hewani shamba likilimwa kwa kina, kwa hiyo mikataba mingi humfunga mkulima kwa miaka mingi. Kabla ya kusaini, ajue nani analipia vipimo na nini kitatokea akitaka kubadilisha matumizi ya ardhi.

Cheti kinampa nani nguvu

Cheti cha kilimo hai kinaonyesha tatizo la mpito waziwazi kuliko kitu kingine. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka shamba la mazao ya msimu lifuate kanuni kwa angalau miaka 2 kabla ya kupanda, na la mazao ya kudumu miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya kilimo hai. Marekani inataka miezi 36 bila vitu vilivyokatazwa. Muda wote huo mkulima anabeba gharama za kilimo hai na kuuza kwa bei ya kawaida. Halafu kuna ada ya ukaguzi, inayorudi kila mwaka.

Kwa anayesafirisha nje cheti hicho hakiepukiki, na wadogo huweza kugawana gharama kwa kukaguliwa kama kikundi. Lakini anayeuza kwa watu wanaoweza kufika shambani kwake ana njia nyingine: uthibitisho shirikishi. Wakulima wanatembeleana na kukaguana, wateja wanaalikwa, orodha ya kanuni ni ya pamoja, na anayekiuka anajibu mbele ya wenzake. Mtandao wa wakulima wa Ecovida kusini mwa Brazil umefanya hivyo tangu 1998, na sheria ya Brazil inautambua utaratibu huo ndani ya nchi. India nayo inao mfumo wa kitaifa. Nguvu yake ni kwamba ziara ya ukaguzi hugeuka somo: jirani anayekagua lundo lako la mboji ndiye atakayekueleza kwa nini halipati joto.

Ukaribu unatibu nini, na hautibu nini

Chakula cha karibu kinasifiwa sana kwa kuokoa safari, na hapa lazima tuwe wakweli. Utafiti wa Christopher Weber na Scott Matthews, uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu chakula cha kaya za Marekani, ulikuta usafirishaji wote ni asilimia 11 ya gesi zinazoongeza joto duniani zitokanazo na chakula, na safari ya mwisho ya kukipeleka dukani ni asilimia 4. Sehemu kubwa kabisa inatokea kwenye uzalishaji. Nyanya iliyokuzwa jirani ndani ya banda linalopashwa joto kwa mafuta inaweza kuchafua kuliko iliyotoka mbali kwenye jua la bure.

Thamani kubwa ya ukaribu ni kwamba mlaji anaweza kubeba sehemu ya hatari. Nchini Japani, kuanzia miaka ya 1970, familia zilizohofia viuatilifu zilifanya makubaliano na wakulima kuchukua mazao yao moja kwa moja. Mwaka 1986 mashamba ya Massachusetts na New Hampshire nchini Marekani yalianza utaratibu unaofanana: wanachama wanalipia fungu la mavuno kabla ya msimu. Fedha inafika wakati wa kununua mbegu, bila riba. Mboga zikiharibiwa na mvua ya mawe, fungu la wiki hiyo linapungua kwa wote. Utaratibu huu unadai mengi kwa mkulima: aina nyingi za mazao, kupanda kwa awamu, kuwasiliana na watu kila wiki. Wapo wakulima hodari ambao kazi hiyo ya pili hawaiwezi, na si lazima waiweze. Ushirika unaweza kumwajiri mtu wa kuifanya.

Pale walaji wanapokuwa taasisi, uzito unaongezeka. Sheria ya Brazil ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa familia (kuanzia 2026 ni asilimia 45), na inaruhusu manunuzi hayo yafanyike bila mlolongo wa zabuni za kawaida ambao wadogo huangukia. Sheria hiyohiyo inataka orodha ya milo iandaliwe na mtaalamu wa lishe kwa kuzingatia mazao ya eneo na msimu wake. Ugumu wake unajulikana: shule inataka kiasi kilekile kila wiki, na mkulima mmoja hawezi. Vikundi hugawana zamu za kupanda, huyu akitanguliza wiki mbili kabla ya yule, na kukusanya mzigo mahali pamoja. Pasipo na sheria ya aina hiyo, jiko moja la shule au hospitali linaweza kuanza na mazao mawili au matatu, likasaini na kikundi kabla ya msimu na kulipa sehemu ya fedha siku ya kupanda.